Jina na Kiini: Mintarafu ya Asili ya Jazi na Athari Zake katika Utamaduni wa Marekani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hutajwa mara nyingi katika mijadala ya utamaduni wa Mwafrika, na pengine ndiyo inayowasukuma baadhi ya wapenzi wa lugha kusaka mizizi ya Kiafrika katika maneno yatumikayo ng'ambo. Miongoni mwa maneno hayo ni jazi, jina la muziki uliozaliwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Hoja yenyewe hujengwa hivi: maadamu muziki huo ulibuniwa na vizazi vya Waafrika waliopelekwa utumwani, jina lake nalo halina budi kuwa la Kiafrika. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba hoja hiyo ina kasoro, na kwamba Uafrika wa jazi una ushahidi mwingine ulio thabiti zaidi kuliko ule wa jina.

Asili ya Neno

Historia ya neno hili katika maandishi ni fupi. Mnamo 1912 lilichapishwa katika gazeti la Los Angeles, wala halikuhusu muziki hata kidogo: mchezaji mmoja wa besiboli alilitumia kutaja namna yake ya kurusha mpira. Mwaka 1913 lilienea katika kurasa za michezo za gazeti moja la San Francisco kwa maana ya nguvu, ari na uchangamfu. Ilikuwa ni 1915 ndipo magazeti ya Chicago yalipolihusisha na muziki. Hata hapo tahajia yake ilikuwa haijatulia. Wengine waliandika jass, wengine jazz. Aidha, kulikuwako tangu 1860 neno jingine la mitaani, jasm, lenye maana hiyo hiyo ya nguvu, na wengi wa wachunguzi huliona kuwa ndilo mzazi wake.

Wale waliodai kwamba neno hili lilitoka katika lugha za Afrika Magharibi, katika Kikongo, au hata katika Kiarabu, wametegemea zaidi mfanano wa sauti. Lakini mfanano wa sauti pekee si ushahidi. Isimu ya kihistoria hudai mambo matatu: maandishi au simulizi za kuaminika, njia iliyopitiwa na neno kutoka kwa wasemaji hawa hadi wale, na uhusiano wa maana unaoeleweka. Isitoshe, baadhi ya wanamuziki wenyewe hawakulipenda jina hilo. Sidney Bechet, mzaliwa wa New Orleans, alishikilia kwamba lilitolewa na Wazungu, na kwamba yeye na wenzake waliuita muziki wao ragtime.

Asili ya Muziki

Ama kuhusu muziki wenyewe, mambo ni tofauti. Katika Carolina Kusini, baada ya uasi wa Stono wa 1739, sheria ya 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma, kwa kuwa mabwana walitambua kwamba ngoma ni chombo cha kupashana habari. Louisiana, iliyotawaliwa na Ufaransa na kisha Uhispania kabla ya kununuliwa na Marekani mnamo 1803, ilikuwa na desturi nyingine. Jijini New Orleans watumwa walikusanyika Jumapili kuuza bidhaa zao, kuimba na kucheza. Amri ya mji ya 1817 iliwabana mahali pamoja, katika uwanja uliokuja kujulikana kama Congo Square. Msanifu majengo Benjamin Latrobe alifika hapo mnamo 1819, akaeleza aliyoyaona na kuchora ngoma na ala ya nyuzi iliyokuwa ikipigwa.

Hata hivyo, mikusanyiko hiyo ilikuwa imekwisha kufifia miongo mingi kabla jazi haijazaliwa. Daraja kati ya vipindi hivi viwili lilikuwa ni nyimbo za kazi, nyimbo za kanisani, bluzi, na bendi za ala za shaba zilizosindikiza maiti makaburini. Utumwa ulikomeshwa 1865, lakini sheria za ubaguzi zilifuata. Louisiana ilitenganisha abiria wa treni kwa rangi mnamo 1890, na Mahakama Kuu ya Marekani ikaidhinisha utengano huo mnamo 1896 katika kesi ya Homer Plessy. Sheria hizo ziliwasukuma machotara wa Kikrioli, ambao wengi wao walikuwa wamesomea muziki wa Kizungu, wahesabiwe pamoja na Weusi wengine waliopiga kwa kusikiliza tu. Katika mazingira hayo alisifika Buddy Bolden, mpiga koneti, ambaye maradhi ya akili yalimtoa katika muziki mnamo 1907. Hakuna sauti yake iliyosalia. Habari zake zimehifadhiwa kwa masimulizi.

Sifa tatu za jazi zinadhihirisha urithi wa Kiafrika. Ya kwanza ni mwito na mwitikio, ambapo ala moja huuliza na nyingine hujibu, kama vile mghani na hadhira yake. Ya pili ni mapigo yanayopishana, ambapo mkazo huangukia pale sikio lisipoutazamia. Ya tatu ni utungaji wa papo kwa papo. Mchunguzi wa fasihi simulizi ataitambua sifa hii mara moja: fanani hakariri utungo uliokwisha kukamilika, bali huutunga upya kila anapouwasilisha. Haki inadai pia itajwe kwamba tarumbeta, piano, mwendo wa machi na mpangilio wa sauti sambamba vilitoka Ulaya. Jazi ni mtoto wa pande mbili.

Athari Zake

Rekodi ya kwanza ya jazi ilitolewa 1917 na bendi ya Wazungu, Original Dixieland Jass Band. Weusi waliohamia kaskazini waliupeleka muziki huu Chicago na New York, na rekodi za Louis Armstrong za 1925 hadi 1928 zikampa mpigaji mmoja nafasi ya mbele ya kundi. Fasihi nayo iliathirika: F. Scott Fitzgerald aliliingiza jina la jazi katika anwani ya mkusanyo wake wa hadithi wa 1922, naye Langston Hughes aliingiza mapigo ya bluzi katika diwani yake The Weary Blues ya 1926.

Lakini taifa lililoupenda muziki huu halikuwapenda waliouzaa. Duke Ellington alianza kupiga Cotton Club, Harlem, mnamo 1927, mahali ambapo watazamaji walikuwa Wazungu. Mnamo 1956 serikali ilianza kuwatuma wanamuziki wa jazi ng'ambo kuitangaza Marekani. Mwaka uliofuata Armstrong alikataa kwenda Urusi ya Kisovieti kwa niaba ya serikali, kwa sababu ya watoto Weusi waliozuiwa kuingia shuleni Little Rock. Mnamo 1965 bodi ya Tuzo ya Pulitzer ilikataa kumtunukia Ellington. Alitunukiwa 1999, miaka 25 baada ya kufa kwake. Bunge la Marekani liliitambua jazi kuwa hazina ya taifa mnamo 1987.

Hitimisho

Safari ya neno hili barani Afrika inakamilisha hoja. OK Jazz, iliyoanzishwa Léopoldville mnamo 1956, ilipiga rumba. Morogoro Jazz ya Tanzania na Shirati Jazz ya Kenya nazo zilikuwa bendi za dansi zenye mitindo yao wenyewe. Hapa jina lilisafiri na kukiacha kiini nyuma, ilhali New Orleans kiini kilivuka bahari bila jina. Anayeegemeza Uafrika wa jazi juu ya neno moja humpa mpinzani wake silaha, kwani neno hilo likianguka, dai zima litaonekana kuanguka nalo. Waliochukuliwa utumwani walinyang'anywa majina na lugha, na bado hawakuiacha asili. Waliihifadhi katika mapigo, katika mwitikio na katika ubunifu wa papo kwa papo, na huko ndiko mtafiti anakopaswa kuitafuta.