Mwenye Kisukari na Homa ya Dengue

Mwaka 2019 homa ya dengue iliwapata watu zaidi ya 6,000 hapa nchini, wengi wao wa Dar es Salaam. Si ugonjwa mgeni. Unguja ulipita mwaka 1823 na tena 1870, wenyeji wakauita dinga pepo. Hapa Kiloleli mtu atasema, "Hiyo ni ya mjini." Lakini mwenye homa hupanda basi kama wengine, na mbu wake anapenda vitu tulivyo navyo uani: mtungi, pipa, tairi bovu lenye maji.

Mbu huyu ni mweusi, ana madoa meupe miguuni, tena huuma mchana. Basi chandarua cha usiku peke yake hakitoshi.

Kwa nini tunamtaja mwenye kisukari? Dengue ikiwa kali hulegeza mishipa midogo ya damu, maji ya damu yakavuja. Kisukari cha miaka mingi nacho huharibu mishipa hiyo hiyo. Ndiyo maana mwenye kisukari yumo hatarini kuzidiwa kuliko mwenzake. Tena homa huvuruga sukari. Mara inapanda. Mara mgonjwa hajala kitu, lakini amemeza vidonge vyake au amejichoma insulini. Sukari inashuka, anatetemeka na kutoka jasho, na watu wa nyumbani wanadhani ni homa tu.

Asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe. Aende zahanati, aseme wazi, "Nina kisukari," apimwe sukari na malaria. Malaria ikikosekana na homa bado ipo, aulize juu ya dengue. Kwa maumivu ameze parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na brufeni asiziguse, maana huweza kuzidisha kutokwa damu. Na ndizo hizo tunazonunua moja moja dukani! Anywe maji mara kwa mara. Soda aiache, isipokuwa sukari imeshuka.

Homa ikipoa kati ya siku ya tatu na ya saba, msifurahi mapema. Hapo ndipo hatari huanza: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi kutoka damu, mwili kulegea. Msingoje kesho, mpelekeni hospitali.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Madimbwi yalifukiwa, ni sawa, ila mbu huyu hutaga katika maji tuliyochota wenyewe. Tufunike mitungi. Maji ni ya shida, tunajua, hatusemi myamwage. Yakiisha pipani, sugua kuta za ndani kabla ya kujaza tena, kwa sababu mayai yake hunata pale na kungoja maji hata miezi.