Ukitoa huku, toa na kule: Siri ya hesabu za x

JE, msomaji, umewahi kuketi na mwanao jioni kumsaidia kufanya hesabu za x, na mwishowe nyote wawili mkakasirika? Ikiwa ndivyo, basi hauko peke yako.

Hivi majuzi nilikuwa sebuleni kwa jirani yangu mmoja mtaani Umoja, jijini Nairobi. Bintiye wa Gredi ya 7 alikuwa na swali hili: Mikate mitatu ni shilingi 180, mkate mmoja ni bei gani? Aliandika vyema kabisa kwamba 3x = 180. Kisha akajibu kuwa x = -60.

"Hasi sitini!" baba akafoka. "Duka gani hilo utakalopewa mkate na shilingi sitini juu yake?"

Binti akajibu machozi yakimlengalenga: "Si ni wewe, baba, uliyeniambia nambari ikivuka upande wa pili ibadilishe alama? Nimeivusha 3 ikawa -3, halafu nikagawanya."

Baba akanyamaza. Ndivyo alivyofunzwa yeye mwenyewe akiwa shuleni, na ndivyo wengi wetu tulivyofunzwa: vusha, badilisha alama. Walakini ukweli ni kwamba nambari haivuki popote.

Hebu fikiria mizani ya sahani mbili, ile iliyokuwa ikitumiwa sana madukani. Sahani moja ina mifuko mitatu ya maharagwe iliyo sawa, pamoja na jiwe la gramu 200. Sahani ya pili ina jiwe la kilo 2, yaani gramu 2,000. Mizani imetulia. Kila mfuko una gramu ngapi?

Tuuite uzani wa mfuko mmoja x. Basi:

3x + 200 = 2,000

Ukiondoa lile jiwe la gramu 200 pekee, mizani itaegemea upande mmoja. Ili itulie, sharti upunguze gramu 200 upande wa pili pia. Zitabaki:

3x = 1,800

Sasa gawanya kila upande mara tatu. Mfuko mmoja ni gramu 600. Hiyo ndiyo siri yote. Alama ya = ni mhimili wa mizani. Waweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya, mradi ufanye jambo lile lile pande zote mbili. Mwiko ni mmoja: usigawanye kwa sufuri. Wala usizidishe kwa sufuri, kwa kuwa utabaki na 0 = 0, na x itakuwa imekupotea.

Siri hii si ya jana. Takriban mwaka wa 820, msomi Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi aliandika mjini Baghdad kitabu ambacho jina lake lilikuwa na neno al-jabr, lenye maana ya kurudishia kilichopunguzwa. Hapo ndipo tulipopata neno aljebra. Nayo alama ya = ililetwa mwaka wa 1557 na tabibu Robert Recorde, mzaliwa wa Wales. Alichagua mistari miwili sambamba kwa sababu hakuona vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo.

Na je, x ikiwa pande zote mbili? Tuseme kaka amenunua madaftari matano na kalamu za shilingi 40. Dadake amenunua madaftari mawili ya aina iyo hiyo na seti ya jiometri ya shilingi 160. Wote wamelipa pesa sawa:

5x + 40 = 2x + 160

Toa madaftari mawili kila upande: 3x + 40 = 160. Toa 40 kila upande: 3x = 120. Gawanya kwa 3: daftari ni shilingi 40. Usiweke kalamu chini kabla ya kuhakikisha. Kaka alilipa 200 na 40, jumla 240. Dada alilipa 80 na 160, jumla 240. Mizani imetulia.

Tukirudi Umoja, nilimwomba yule binti asivushe chochote. "Hiyo 3 inaifanya nini x?" nikamwuliza. "Inaizidisha," akasema. "Basi utaiondoaje?" Akafikiri kidogo, akagawanya pande zote kwa 3, akapata 60. Kisha, bila kuambiwa, akazidisha 60 kwa 3 akaona 180, akacheka.

Kwa hivyo mzazi, usiku wa leo mwanao akileta daftari, usianze kwa kuuliza jibu ni ngapi. Mwulize: "Umefanya nini pande zote mbili?" Nawe mwanafunzi, ukiambiwa uvushe, uliza kwa nini. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.