Robusta ya Karagwe katika biashara ya kuzeeka vizuri

Septemba 2024 bei ya robusta kwenye soko la London ilikuwa juu ya dola 5,000 kwa tani, kiwango kisicho cha kawaida. Vietnam, mzalishaji mkuu wa robusta duniani, ilikuwa imepigwa na ukame, na neema ikatufikia sisi wa upande huu wa Ziwa Victoria. Bei ya namna hiyo haina mwenyewe. Mvua zikikaa sawa Vietnam, bei nayo hushuka, na mkulima wa kata ya Kanoni hapa Karagwe, ambaye hakuchangia lolote katika kupanda kwa bei hiyo, hana la kufanya inaposhuka.

Kwa hiyo hoja ya kuuza kahawa kwa thamani nyingine, isiyotegemea hali ya hewa ya wenzetu, ina uzito. Hoja inayovutia wengi siku hizi ni ya afya. Duniani kuna watu wenye fedha wanaonunua chakula kwa kutazama umri wao: wanataka kuzeeka taratibu, moyo ukiwa mzima na kumbukumbu zikiwa timamu. Wafanyabiashara huwaeleza kwamba siri ni antioksidanti, yaani kemikali za mimea zinazozima chembe huru kabla hazijaharibu seli. Kwa kipimo hicho wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa ni tajiri. Kahawa ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya kemikali hizo katika mlo wa nchi nyingi zinazoinywa kila siku, na punje ya robusta kwa kawaida huwa na asidi ya klorojeniki (mojawapo ya kemikali hizo) nyingi kuliko arabika ya Kilimanjaro, pamoja na kafeini inayokaribia mara mbili. Uchungu ambao wanunuzi wa arabika huulalamikia kwa sehemu unatokana na hayo mawili.

Hata hivyo, kabla chama cha msingi cha ushirika hakijachapisha neno antioksidanti kwenye mfuko, historia ya neno hilo sokoni inafaa kujulikana. Mwaka 1956 Mmarekani Denham Harman alitoa nadharia kwamba mwili huzeeka kwa sababu ya madhara ya chembe huru. Kutoka hapo ilikuwa rahisi kuamini kwamba kinachozizima chembe hizo hurefusha maisha, na biashara kubwa ya vidonge ikasimama juu ya imani hiyo. Majaribio yalipofanyika, matokeo yalitisha. Finland walipewa vidonge wanaume wavutaji sigara wapatao 29,000. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliokunywa beta-karotini, mojawapo ya antioksidanti hizo, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioinywa. Jaribio jingine, lililofanywa Marekani, lilisitishwa mapema Januari 1996 kwa sababu kama hiyo. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa hadharani jedwali lake lililokuwa likipanga vyakula kwa nguvu ya antioksidanti, ikieleza kwamba wauzaji walikuwa wakilitumia vibaya na kwamba namba za maabara hazionyeshi kinachotokea mwilini.

Nayaeleza haya kwa sababu vidonge vya aina hiyo vimeshafika miji yetu midogo. Vinauzwa mkononi na mawakala, kwa ahadi za kutibu kisukari, shinikizo la damu na uzee wenyewe, na bei ya kopo moja humtoa mzee jasho. Fedha ya kahawa inapoingia ndipo mawakala nao huingia. Mzee aliyeuza kahawa yake ya maganda akanunua kopo hilo ameuza chakula chenye ushahidi akanunua kidonge kisicho nao.

Maana kahawa yenyewe, kama kinywaji, ushahidi inao. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliowafuatilia watu zaidi ya 400,000 wa miaka 50 hadi 71 walitangaza kwamba wanywaji wa kahawa walikuwa na hatari ndogo kidogo ya kufa katika kipindi cha utafiti, hata wale wa kahawa iliyotolewa kafeini. Utafiti wa namna hiyo huonyesha mambo yanayokwenda pamoja. Hauthibitishi kwamba kahawa ndiyo iliyowalinda. Ndiyo maana mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikataa mwaka 2011 madai ya afya yaliyopelekwa kwake kuhusu asidi ya klorojeniki ya kahawa. Muuzaji wa Karagwe atakayepeleka Ulaya mfuko wenye madai hayo atajikuta amevunja sheria.

Basi thamani iko wapi? Kwa maoni yangu iko kwenye uwanja wa kuanikia. Kahawa ya huku kwa sehemu kubwa huanikwa nzima na ganda lake, kisha hukobolewa. Ikichumwa mbivu, ikaanikwa juu ya kichanja au turubai na kugeuzwa mara kwa mara, hukauka sawasawa: ukichota kiganja ukaitikisa sikioni, punje inalia ndani ya ganda. Ikianikwa kwenye udongo inanyonya unyevu, inaota ukungu, na baadhi ya ukungu huacha sumu ya okratoksini ambayo hata kukaanga hakuimalizi. Hapo ndipo afya ya mnywaji inapoamuliwa kwa hakika kuliko kwenye maandishi ya mfuko.

Na adui mkubwa wa uwanja huo ni butura. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa huuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Aliyeinunua hana sababu ya kusubiri iive, hivyo huivuna mbivu na mbichi pamoja. Serikali imepiga marufuku butura na kuielekeza kahawa kwenye vyama vya msingi, chama kikuu cha ushirika cha KDCU na mnada, lakini shida inayozaa butura ni ukosefu wa mikopo midogo katika miezi ya njaa, na amri haikopeshi. Kahawa inayobaki huvuka Mto Kagera kwa magendo kwenda Uganda kila bei ya huko inapozidi ya kwetu.

Kuna bidhaa mbili ambazo zingeweza kusogeza biashara hii mbele. Ya kwanza ni kahawa ya kutafuna, amwani. Matunda ya robusta huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, yakakaushwa, yakawekwa mbele ya mgeni. Richard Burton, aliyekusanya habari za Karagwe kwa wafanyabiashara Waarabu wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1850, tayari aliandika kuhusu utafunaji huo. Ganda ni jeusi, limekunjamana. Unalipasua kwa jino, uchungu unakuja kwanza, kisha harufu ya majani. Kwa kuwa haikaangwi, haipitii moto unaoteketeza asidi ya klorojeniki, ambayo hupungua sana kahawa inapokaangwa hadi kuwa nyeusi. Leo mara nyingi inauzwa kwa vipakiti visivyo na jina wala tarehe. Nembo ya ubora ya Shirika la Viwango (TBS) na pakiti safi vingeipeleka Dar es Salaam bila dai lolote la tiba.

Ya pili ni ganda lenyewe. Januari 2022 Umoja wa Ulaya uliruhusu rasmi ganda kavu la tunda la kahawa, la arabika na la robusta, litumike kutengeneza vinywaji. Makapi yetu ya mashine za kukoboa hayafai kwa kazi hiyo, na yana kazi yake njema ya kutandazwa kwenye migomba. Lakini chama kinachoweza kuchuma tunda bivu na kulikausha safi kinaweza kujaribu kiasi kidogo.

Nyumbani, tahadhari moja. Kemikali zile zile zinazosifiwa hushikamana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, mwili usiyapate. Kahawa inayonywewa pamoja na mlo, au saa moja baada yake, huleta hasara hiyo. Ikinywewa saa moja kabla, haileti. Kwa mama mjamzito na mtoto mwenye upungufu wa damu hilo si jambo dogo.

Na hayo maharage nayo ni biashara. Watafiti wa Marekani walipopima nguvu ya antioksidanti ya vyakula zaidi ya 100 mwaka 2004, maharage madogo mekundu ndiyo yaliyoshika nafasi ya kwanza kwa kila pakuo, mbele ya matunda pori ya bluu yanayouzwa kwa bei kubwa Ulaya. Kipimo kilikuwa kile kile cha maabara, kwa hiyo nisingekiandika kwenye gunia. Protini, nyuzinyuzi na madini ya chuma yaliyomo humo havihitaji kutetewa. Lakini maharage ya Karagwe bado hupakiwa aina zote pamoja, kwa lumbesa, gunia likifumwa kilemba juu ya mdomo wake, na Wakala wa Vipimo amekuwa akilipiga marufuku hilo kwa miaka. Mkulima anayechambua mekundu peke yake na kuyapima kwa kilo angekuwa na bidhaa yenye jina. Leo kilo zilizo ndani ya kilemba anazitoa bure.