MSAADA WA SERIKALI KWA WENYE ULEMAVU: TUUJUE NA TUUFUATE

 



Tunapoandikisha wanafunzi wapya, huwa tunamuuliza mzazi ana watoto wangapi. Hujibu watano, na hapa chuoni tunawaona wanne. Ukidadisi, huyo wa tano ni kiziwi, au haoni, au miguu yake haina nguvu. Yuko nyumbani, shule haendi na madrasa haji. Wazazi wengi wa namna hii hawakosi huruma. Wengine wanaona haya, wengine wanadhani huo ndio mwisho wa riziki ya mtoto, na walio wengi hawajui waanzie wapi. Makala haya tumewaandikia wao.

DINI YETU INASEMAJE?

Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.) alikuwa kipofu. Kwa ajili yake iliteremka Suratu Abasa, Mwenyezi Mungu akimfundisha Mtume wake asimgeuzie uso mtu aliyekuja kutafuta elimu. Sahaba huyu hakuachwa akae pembeni aonewe huruma. Alikuwa mwadhini pamoja na Bilal (R.A.), na Mtume (S.A.W.) aliposafiri alimwachia Madina aiangalie na kuwasalisha watu.

Hata kazi ya dola kuwatunza watu hawa si jambo jipya kwetu. Wanahistoria, akiwemo al-Tabari, wametaja kuwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala mwaka 705 hadi 715, aliwapangia posho wagonjwa wa ukoma ili wasiombe, akampa kila asiyeweza kutembea mtumishi, na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Kwa hiyo mzazi anayekwenda ofisi ya serikali kuulizia haki ya mwanawe asijione kuwa ni ombaomba.

SHERIA ZA NCHI YETU

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 11, inaitaka serikali iweke utaratibu wa kutekeleza haki ya mtu kupata elimu, kufanya kazi, na kusaidiwa anapokuwa mzee, mgonjwa au mwenye ulemavu. Mwaka 2004 ilitolewa Sera ya Taifa ya huduma kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006. Mwaka huo huo wa 2009 ikatungwa Sheria ya Mtoto, ambayo inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya matunzo maalumu, matibabu na nafasi sawa ya kusoma. Ikafuata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, kwa Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao.

HUDUMA ZILIZOPO

(a) Elimu. Tangu mwaka 2016 shule za serikali hazitozi ada kuanzia msingi hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 utaratibu huo ulifikishwa kidato cha sita. Mtoto mwenye ulemavu ana haki hiyo kama wenzake. Wapo wanaosoma shule za kawaida pamoja na wengine, na wapo wanaohitaji shule au kitengo maalumu. Hapa Tanga, kwa mfano, Shule ya Msingi Pongwe hupokea watoto wasioona. Dar es Salaam kuna Uhuru Mchanganyiko, na shule ya viziwi ya Buguruni. Asiyeona husoma kwa nukta nundu, na kiziwi kwa lugha ya alama.

(b) Matibabu. Hapa kuwahi ndiko kunakookoa. Mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizogeukia ndani, akipelekwa hospitali angali mchanga, hunyooshwa taratibu kwa plasta, na wengi hutembea vizuri. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji, lakini kwa mtoto mdogo kuchelewa kunaweza kumharibia uoni moja kwa moja. Mtoto mwenye kichwa kinachokua kupita kiasi asingojeshwe hata kidogo. Wenye ualbino wanahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua. Mafuta hayo hutengenezwa hapa hapa nchini, katika hospitali ya KCMC, Moshi.

(c) Mikopo. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Utoaji ulisimamishwa mwezi Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejea Julai 2024. Ndugu Waislamu, zingatieni jambo hili: sheria yenyewe imesema mikopo hiyo haina riba. Anayekopa shilingi 500,000 deni lake ni shilingi 500,000. Wapo wenzetu wenye ulemavu walioikataa wakidhani ni ya riba, nao ni mafundi viatu, washonaji na wafanyabiashara wanaohitaji mtaji. Ila deni ni amana, na kulilipa ni wajibu.

(d) Ajira. Sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa angalau asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu.

NJIA YA KUFUATA

1. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Jina la mtoto liandikwe, nawe upewe barua ya utambulisho.

2. Mpeleke hospitali ya serikali akapimwe, na maelezo ya daktari yatunze vizuri pamoja na cheti cha kuzaliwa.

3. Nenda halmashauri, uonane na Afisa Ustawi wa Jamii. Huyo ndiye wa kumweleza habari za vifaa kama baiskeli ya magurudumu matatu, fimbo nyeupe au magongo, na shida ya gharama za matibabu.

4. Kwa habari ya shule, muulizie Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Kwa mkopo, muone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako.

5. Ukikwama, vipo vyama vyao wenyewe: CHAVITA cha viziwi, Chama cha Wasioona Tanzania, na SHIVYAWATA, ambalo ni shirikisho la vyama hivyo.

Hatusemi kwamba kila kitu kitapatikana siku hiyo hiyo. Vifaa huwa vichache, mafungu huchelewa, na pengine utaambiwa urudi kesho. Rudi. Lakini mtoto ambaye jina lake halimo kwenye daftari lolote hatakumbukwa kitakapopatikana kidogo hicho.

SEHEMU YETU

Serikali ina wajibu wake, na sisi tuna wetu. Asiyeona anaweza kuhifadhi Qur'ani kwa kusikiliza, na ipo misahafu ya nukta nundu. Asiyeweza kusimama ataswali amekaa, wala hakuna sababu ya kumnyima safu. Misikiti yetu ina ngazi tupu mlangoni; mifuko michache ya saruji ingetosha kumwekea njia mwenye baiskeli.

Nanyi wanafunzi, acheni kuwaita wenzenu kwa vilema vyao. Mwenzenu ana jina alilopewa na wazazi wake, muiteni kwa hilo. Akihitaji kushikwa mkono kuja chuoni, mshikeni.

Mzazi uliyesoma hadi hapa, huyo wa tano mlete. Tunamsubiri.

Wabillahi tawfiq.