Kilemba cha Ukoka Katika Nembo za Michezo

Mwaka 2013 Dan Snyder, mmiliki wa timu ya Washington inayocheza futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, aliliambia gazeti la USA Today kwamba jina la timu yake halitabadilishwa kamwe. Timu hiyo ilikuwa ikiitwa Redskins, yaani Ngozi Nyekundu, na nembo yake ilikuwa kichwa cha mwanamume wa jamii za wenyeji wa asili wa Marekani, watu ambao wengi wetu tulizoea kuwaita Wahindi Wekundu. Miaka saba baadaye, tarehe 13 Julai 2020, timu ile ile ilitangaza kuachana na jina hilo pamoja na nembo yake. Si kwamba wenyeji walikuwa wamesema jambo jipya. Malalamiko yao yalianza kusikika miaka ya 1960. Kilichobadilika ni hesabu za fedha. Baada ya polisi kumuua George Floyd mjini Minneapolis mwezi Mei 2020, wawekezaji wanaosimamia mali ya zaidi ya dola bilioni 600 waliziandikia barua kampuni za FedEx, Nike na PepsiCo wakizitaka zikate uhusiano na timu hiyo. FedEx, ambayo jina lake lilikuwa limebandikwa kwenye uwanja wa timu kwa mkataba wa dola milioni 205, ikaomba jina libadilishwe. Nike ikaondoa bidhaa za timu hiyo kwenye duka lake la mtandaoni. Hazikupita wiki mbili, neno "kamwe" likawa limekwisha.

Matokeo yalikuwa mema, lakini njia iliyoyaleta inasikitisha. Watu waliochorwa kwenye kofia walisema hapana kwa zaidi ya miaka hamsini bila kusikilizwa. Wadhamini wakasema mara moja wakasikilizwa. Ninachotetea hapa ni kanuni ambayo isingehitaji hasira ya soko ili ifanye kazi: timu ya michezo isitumie jina, sura wala vazi la heshima la jamii ya watu bila ridhaa ya jamii hiyo, na ridhaa hiyo itolewe na vyombo vinavyotambuliwa na jamii yenyewe. Jamii ikikataa, nembo iondoke. Ikikubali, watu wa nje tusijifanye kuumia kwa niaba yake.

Kwa msomaji wa Dodoma au Mombasa huenda jambo hili likaonekana dogo, mchoro tu kwenye fulana. Ili kuona uzito wake lazima turudi nyuma. Mwezi Desemba 1862, baada ya vita kati ya serikali ya Marekani na watu wa Dakota, wanaume 38 wa Dakota walinyongwa kwa pamoja mjini Mankato, Minnesota. Mwaka uliofuata gazeti la mji wa Winona katika jimbo hilo hilo lilichapisha tangazo kwamba zawadi ya serikali ya jimbo kwa kila mwenyeji atakayeuawa imepandishwa hadi dola 200, na neno lililotumika kuwataja wanaowindwa ni lile lile lililokuja kuwa jina la timu. Mwaka 1879 ikafunguliwa shule ya bweni ya Carlisle, Pennsylvania, ambako watoto wa wenyeji walinyolewa nywele, wakavuliwa mavazi yao na kukatazwa kusema lugha za mama zao. Mwaka 1883 serikali ikatoa kanuni zilizofanya ngoma za ibada kuwa kosa, na aliyezicheza aliweza kunyimwa posho ya chakula au kufungwa. Kanuni hizo zililegezwa mwaka 1934, lakini sheria ya kulinda dini za wenyeji haikupitishwa hadi 1978.

Sasa weka kando ya tarehe hizo historia ya timu. Timu ya besiboli ya Boston ilijiita Braves mwaka 1912, na ile ya Cleveland ikajiita Indians mwaka 1915. Timu ya futiboli iliyokuja kuhamia Washington ilipewa jina la Redskins mwaka 1933, na ilipohama mwaka 1937 ikaunda bendi ya wapiga tarumbeta waliovalishwa vilemba vya manyoya. Yaani watu ambao mababu zao waliadhibiwa kwa kucheza ngoma zao walikaa wakitazama wageni wakiziigiza. Mmiliki wa timu wakati huo, George Preston Marshall, ndiye aliyekuwa wa mwisho katika ligi nzima kukubali wachezaji weusi. Alifanya hivyo mwaka 1962, baada ya serikali ya Rais Kennedy kumtishia kwamba timu yake haitautumia uwanja mpya uliojengwa kwenye ardhi ya serikali. Ni vigumu kuamini kwamba mtu wa namna hiyo alichagua jina lile kwa kuwaenzi wenyeji.

Hata hivyo, "tunawaenzi" ndilo jibu ambalo mashabiki hulitoa kwanza, na wengi hulitoa kwa moyo safi. Wanasema timu hujiita kwa kitu inachokistahi: simba, tai, shujaa. Basi na tuitazame heshima yenyewe kwa karibu. Nembo ya Cleveland, iliyoitwa Chief Wahoo, ilichorwa mwaka 1947 na kijana wa miaka 17 na kufanyiwa mabadiliko mwaka 1951. Uso wake ni mwekundu kama pilipili, pua imevimba, macho ni pembetatu, meno yamejaa mdomo mzima kwa kicheko kisichokoma, na unyoya mmoja umechomekwa nyuma ya kichwa. Hakuna mtu wa kabila lolote la wenyeji, awe Mpenobscot, Mcheroki au Mlakota, mwenye sura ile. Ni katuni ya kuchekesha, na kwa miaka karibu sabini ilivaliwa na watu wazima kazini. Chukua pia kile kilemba cha manyoya. Miongoni mwa Walakota na jirani zao wa nyanda za kati, unyoya wa tai hupewa mtu kwa tendo alilolitenda mbele ya watu wake, na kilemba kamili ni cha wachache waliokistahili kwa miaka mingi. Uwanjani kilikuwa manyoya ya bandia yaliyotiwa rangi, kikavaliwa kati ya bia moja na nyingine, kisha kikatupwa. Sifa za aina hii Waswahili tunazijua tangu zamani: ni kilemba cha ukoka. Anayekuvika anafurahi, na wewe uliyevikwa ndiwe unayechekwa.

Mwaka 2019 jambo hili lilisemwa kwa utulivu na mtu aliyekuwa ndani ya uwanja. Ryan Helsley, mrushaji wa timu ya besiboli ya St. Louis na raia wa Taifa la Cherokee, alicheza dhidi ya Atlanta Braves, ambao mashabiki wao huimba na kukata hewa kwa mkono kana kwamba wameshika shoka la vita. Alipoulizwa akasema kitendo hicho kinawavunjia heshima watu wake na wenyeji kwa jumla. Katika mechi ya mwisho ya mfululizo ule uongozi wa Atlanta ukapunguza uchochezi na haukugawa mashoka ya sponji kama kawaida. Lakini mwaka 2021, timu hiyo ilipofika fainali ya besiboli ya Marekani, mkono ulikuwa umerudi kwa nguvu zote. Hapo ndipo udhaifu wa hisani unapoonekana. Heshima inayotegemea nani yupo uwanjani siku hiyo huisha akishaondoka.

Pingamizi zito zaidi ni la takwimu. Mwaka 2004 utafiti wa kituo cha Annenberg, na mwaka 2016 utafiti wa gazeti la Washington Post uliowahoji watu 504, ulionyesha kwamba wenyeji tisa kati ya kumi hawakukerwa na jina la timu ya Washington. Wamiliki walizishika namba hizo kama ngao. Namba hizo zisidharauliwe, ila ziulizwe maswali. Tafiti hizo zilifanywa kwa simu, na aliyehesabiwa kuwa mwenyeji ni yule aliyejitaja hivyo mwenyewe, katika nchi ambamo watu wengi hudai kuwa na bibi wa Kicheroki bila kuwa na uhusiano wowote na kabila lenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Michigan na California, Berkeley, walichapisha utafiti wa wenyeji zaidi ya 1,000. Karibu nusu walisema jina hilo linawakera, na miongoni mwa wanaoshiriki mara kwa mara mila za kabila lao, waliokerwa walifika thuluthi mbili. Kadiri mtu anavyoishi karibu na kile kinachoigizwa ndivyo kinavyomuuma.

Kuna pia ukweli mwingine ambao watetezi wa mabadiliko hupenda kuuruka. Kichwa kile cha timu ya Washington kilipendekezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Walter Wetzel, kiongozi wa watu wa Blackfeet aliyewahi kuwa rais wa chombo cha kitaifa cha makabila ya Marekani. Alitaka sura yenye utu ichukue nafasi ya herufi iliyokuwa kwenye kofia ngumu za wachezaji, na familia yake iliendelea kujivunia mchoro huo. Nia yake ilikuwa njema, na mchoro wenyewe hauwezi kulinganishwa na kile kikatuni cha Cleveland. Lakini mtu mmoja, hata awe mkubwa kiasi gani, hawezi kutoa ridhaa kwa niaba ya mataifa zaidi ya mia tano yanayotambuliwa na serikali ya Marekani, na sura nzuri haiwezi kulisafisha jina lililowahi kutumika kutangaza bei ya maiti. Chombo kile kile alichokiongoza kilianza kampeni ya kupinga nembo za aina hii mwaka 1968, na hakikurudi nyuma.

Wanaosema wenyeji wana shida kubwa kuliko nembo, kama umaskini, maji machafu na shule duni, wanatenganisha vitu vinavyotembea pamoja. Mwanasaikolojia Stephanie Fryberg, ambaye ni wa kabila la Tulalip, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 2008 matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa vijana wa Kienyeji. Walioonyeshwa picha kama Chief Wahoo walijithamini kidogo kuliko wenzao, waliiona jamii yao kuwa ya thamani ndogo, na walipoulizwa watakuwa nani baadaye walitaja mafanikio machache zaidi. Tayari mwaka 2005 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilikuwa kimetaka nembo zote za aina hiyo ziondolewe. Mtoto anayemuona mtu wa kabila lake mara nyingi kwenye kofia za mashabiki na mara chache kwenye kiti cha daktari au hakimu hujifunza mahali alipowekwa.

Kwa upande wa sheria mlango umefungwa, na pengine ni sawa. Suzan Harjo na wenzake waliomba tangu 1992 usajili wa alama za biashara za timu ya Washington ufutwe. Amanda Blackhorse na wenzake wakashinda ombi kama hilo mwaka 2014. Kisha mwaka 2017, katika kesi ya bendi ya muziki ya Waamerika wenye asili ya Asia, Mahakama ya Juu ikaamua kwamba serikali haiwezi kukataa kusajili jina kwa sababu tu linadhalilisha. Uhuru wa kusema unailinda timu dhidi ya serikali. Hauilazimishi ligi kukipa kila kitu uwanja.

Ligi zinaweza kuweka masharti, na tayari kuna mfano. Mwaka 2005 chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani kilizuia nembo za kudhalilisha wenyeji katika mashindano yake ya ubingwa, lakini kikaruhusu zile zilizokubaliwa na kabila husika. Ndiyo maana timu za Chuo Kikuu cha Florida State zinaendelea kuitwa Seminoles, kwa idhini ya kabila la Seminole la Florida, na za Chuo Kikuu cha Utah zinaitwa Utes kwa makubaliano na watu wa Ute. Katika mji wa Spokane, timu ya besiboli ilikaa na kabila la Spokane na kutengeneza jezi yenye maandishi ya lugha ya Kisalishi. Waliosema hapana nao walisikilizwa: Chuo Kikuu cha Illinois kilimstaafisha mhusika wake wa michezo, Chief Illiniwek, mwaka 2007. Hili pia linawajibu wanaouliza mbona hatulalamikii majina ya timu kama Wairishi wa chuo cha Notre Dame na Waviking wa Minnesota. Waliojipa majina hayo walikuwa na watoto na wajukuu wa wenye majina ndani ya vyuo na miji yao.

Imebaki hofu ya kupoteza historia, nasi wa Afrika Mashariki tuna la kusema juu yake. Sunderland ya Dar es Salaam iligeuka Simba mwaka 1971, na hakuna shabiki wa Msimbazi anayelia kwamba klabu ilikufa siku hiyo. Abaluhya ya Kenya ikawa AFC Leopards serikali ilipokataza majina ya kikabila. Sababu zilikuwa tofauti na hizi, lakini klabu zilibaki na watu wao. Cleveland ilimuondoa Wahoo kwenye sare mwishoni mwa msimu wa 2018, ikajiita Guardians kuanzia msimu wa 2022, na ikatwaa ubingwa wa kundi lake mwaka huo huo na tena 2024. Washington, sasa Commanders, walifika nusu fainali ya ligi mwezi Januari 2025, mara ya kwanza tangu msimu wa 1991.

Mwezi Julai 2025 Rais Trump alizitaka timu hizo mbili zirudishe majina ya zamani. Timu za Atlanta, Kansas City na Chicago bado zinacheza na majina na alama za wenyeji. Shauri halijaisha, na linatufikia hata sisi, kwa maana kofia na fulana za timu hizi huja kwa marobota ya mitumba. Ukiikuta sokoni ile yenye uso mwekundu na meno mengi, usiinunue. Cleveland imeshatengeneza nyingine yenye herufi C tu, na mwenye mapenzi na timu hiyo ana cha kuvaa.