Ngoma za Mkono: Mwanafunzi Aanzie Wapi

Ngoma za mkono ni nyingi, na kila moja ina mkono wake. Dumbak ya taarabu hulazwa pajani na kupigwa zaidi kwa vidole. Msondo, ule mrefu, hutaka viganja. Ngoma ya muheme ya wanawake wa Kigogo hubanwa katikati ya mapaja, na djembe ya Guinea na Mali huchanganya kiganja na vidole. Kwa hiyo anayetafuta masomo achague ngoma kwanza, ndipo atafute mafunzo. Wengi hufanya kinyume: hufungua simu, hukuta video chungu nzima za djembe, konga na darbuka, na ngoma yao ikachaguliwa na simu. Djembe si ngoma mbaya hata kidogo, lakini aliyevutiwa na kidumbak kwenye harusi ya Unguja hatakipata humo.

Chanzo kinachopita vyote ni mwalimu aliye hai. Sababu iko kwenye sauti. Djembe ina mapigo makuu matatu: zito la katikati ya ngozi, la wazi la ukingoni, na kali linalolia kama kofi. Mawili ya mwisho hupigwa karibu mahali pamoja, na kinachoyatenganisha ni namna vidole vinavyolegea na uzito unavyoangukia. Kamera huonyesha mkono ulipo bali haionyeshi uzito wake. Mwalimu husikia kosa papo hapo, akaushika mkono na kuurekebisha. Anayejifunza peke yake huweza kukaa na kosa hilo mpaka likawa mazoea, na viganja vikamuuma bure kwa kutumia nguvu pasipohitajika.

Afrika Mashariki ina shule za kazi hii. Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, iliyoanzishwa mwaka 2002, inayofundisha muziki wa taarabu na ngoma za pwani. Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi iliyotokana na Chuo cha Sanaa cha mwaka 1981, ambako ngoma za asili ni sehemu ya masomo. Aliye mbali na miji hiyo asikate tamaa, kwani kikundi cha ngoma cha mtaani nacho ni shule. Njia ya heshima ni kumwendea kiongozi wa kikundi, kuomba kuhudhuria mazoezi na kukubali kuanzia chini: kutikisa cherewa au kugonga mkwasa. Kazi hiyo ndogo humfunza mtu kushika mwendo bila kuyumba, jambo ambalo mpigaji wa ngoma kubwa hawezi kulikwepa. Adabu nayo ina nafasi yake. Ngoma za unyago, kwa mfano, ni za wanawake na mafunzo yake hayatolewi ovyo. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizipiga jukwaani mbele ya dunia nzima, lakini alikuwa mwenye ngoma na mjuzi wa mila zake.

Kinachofuata ni daftari. Wapigaji wa dumbak na darbuka husema mapigo kwa mdomo kabla ya kuyapiga: "dum" kwa pigo zito la katikati, "tak" kwa pigo kali la ukingoni. Mdundo uitwao maksumu, uliotapakaa katika muziki wa Misri, unaweza kuandikwa katika visanduku 8 vya daftari la hesabu: dum kwenye cha 1, tak cha 2, tak cha 4, dum cha 5 na tak cha 7, vilivyobaki ni kimya. Mtindo wa visanduku ulibuniwa na Philip Harland katika chuo kikuu cha UCLA, Marekani, mwaka 1962, na haumtaki mtu ajue nota. Mdundo ukishatamkika bila kukwama, mikono huufuata upesi.

Video zina faida yake zikichaguliwa vizuri. Nzuri huonyesha mikono yote miwili kutoka juu, na huanza na sauti moja moja kabla ya midundo. Mwendo wake upunguzwe hadi nusu, na ikumbukwe kwamba mwalimu anayetazama kamera mkono wake wa kulia huonekana kushoto. Simu hiyohiyo imrekodi mwanafunzi, maana anachodhani amepiga na kilichosikika mara nyingi ni vitu viwili.

Sikio nalo linahitaji chakula. Maktaba ya ILAM ya Afrika Kusini, iliyoanzishwa na Hugh Tracey mwaka 1954, ina rekodi nyingi za ngoma za Afrika Mashariki, na mradi wa Singing Wells, unaoshirikisha Ketebul Music ya Nairobi, umeweka mtandaoni video za wapigaji wa vijijini. Vitabu vingi viko kwa Kiingereza. The Music of Africa cha J.H. Kwabena Nketia, cha mwaka 1974, hueleza vizuri jinsi midundo inavyoshikana, ila hakimfundishi mtu kupiga.

Fedha ikiwa ndogo, ilipe mwalimu masomo machache ya mwanzo, na ngoma ya kuazima itatosha kwa muda. Ngoma ya bei kubwa isubiri mpaka sikio lijue kutofautisha ngozi iliyowambwa vizuri na iliyolegea.