‘Huria’ na ‘bure’ si maneno pacha

Majuzi mwanafunzi mmoja alinijia na swali. “Mwalimu, tumeambiwa Arduino ni ya bure. Mbona dukani wanataka pesa?”

Arduino ni kibao cha kielektroniki kinachoenea kiganjani. Kina chipu ambayo unaiandikia maagizo kwenye kompyuta, nayo husoma vihisi, kisha huwasha taa au kuzungusha mota. Kwa mfano, ukichomeka kihisi cha unyevu udongoni, kibao kinaweza kuamuru pampu ianze kazi mboga zinapokosa maji. Kilibuniwa mwaka wa 2005 mjini Ivrea, Italia, na Massimo Banzi na wenzake, ili wanafunzi wa usanifu wasio na ujuzi wa umeme wapate kifaa rahisi cha kutumia.

Kijana yule hakudanganywa; alitafsiriwa vibaya. Kiingereza hulibebesha neno moja maana mbili: kutolipiwa na kutofungwa. Sisi tuna maneno mawili, ila tunayachanganya. ‘Bure’ ni kisicholipiwa, na pia kisicho na faida, ndiyo maana twasema ‘kazi bure’. ‘Huria’ ni ndugu ya ‘uhuru’, yote yakiwa na asili ya Kiarabu. Katika soko huria, nani huondoka na bidhaa bila kulipa? Na katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, wanafunzi si hutoa karo?

Basi Arduino ni huria. Michoro ya kibao kama Arduino Uno imewekwa wazi: unaruhusiwa kuisoma, kuibadilisha, kuunda kibao chako na hata kukiuza. Unacholipia dukani ni chipu, shaba na jasho la aliyeviunganisha.

Hata hivyo, huria si holela. Leseni ya michoro hiyo inakutaka uwataje waliokutangulia, na ukisambaza ulichoboresha, ukitoe kwa masharti yayo hayo. Jina ‘Arduino’ nalo ni alama ya biashara. Kibao unaweza kukinakili, jina hapana.

Mtasema nabishania neno tu. La hasha! Mtoto akiambiwa kitu ni cha bure, atanyoosha mkono apewe. Akiambiwa ni huria, atauliza kama anaweza kutengeneza chake. Kijana wangu aliuliza hivyo kabla hajaaga, nami nikamwambia: “Ndiyo, unaweza.”